Watoto wa Shule na Kazi ya Kujenga Nyumba
Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano wa Mwaka



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya shauri la kuwatia vijana wa sekondari mikononi mwa mafundi wajenzi siku za Jumamosi, ili waijue kazi ya kujenga nyumba kabla ya kuchagua njia ya maisha. Mzee mmoja aliuliza kama tulilipa karo ili watoto wakabebe mawe.

Swali hilo lina mizizi, wala si la kupuuzwa. Zamani za ukoloni wengi walidhani kwamba Mwafrika anafaa kwa kazi za mikono tu, na wazazi wakaona wazi kuwa kalamu ndiyo ifunguayo mlango wa ofisi. Mwaka 1985 mtaala wa 8-4-4 uliurudisha ufundi darasani, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana wala zana. Mtoto aliujua mwiko kwa kuuchora daftarini.

Uwanjani mambo ni mengine. Fundi hupiga vigingi, akapima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili. Kamba ya mshazari ikitimia futi 5 barabara, pembe ya nyumba ni sawasawa. Kijana aliyekariri kanuni ya Pythagoras kwa ajili ya mtihani huiona hapo ikiamua ukuta usimame wapi. Tena atafahamu kwa nini zege ya saruji sehemu 1, mchanga 2 na kokoto 4 hudhoofika ikizidishiwa maji: maji yakikauka huacha vitundu ndani yake. Hata hivyo, ikisha kushika, sharti inyweshwe maji kwa siku 7 au zaidi. Hiyo ni sayansi, hata kama suruali imechafuka.

Si kila mmoja atakuwa mwashi. Mwingine atavutwa na nyaya za umeme, mwingine na mabomba, mwingine na kuchora ramani. Na atakayegundua kuwa kazi hii haimfai amepata faida pia, mapema na bila gharama kubwa. Wasichana wawemo. Atakayeipenda ana vyuo vya ufundi, na mitihani ya NITA ya kupanda daraja kwa daraja.

Kamati yapendekeza kwamba ghala letu, ambalo hatuna budi kulijenga upya, liwe darasa lao. Kazi itakwenda polepole, na kuta nyingine zitabomolewa zianzwe tena. Fundi alipwe, maana kumwomba afundishe bure ni kumnyang'anya riziki ya siku. Mwanafunzi asipande jukwaa la ujenzi, wala asije bila viatu vigumu na idhini ya mzazi kwa maandishi.

Wenye mwiko, timazi au pimamaji isiyotumika wanaombwa kuileta ofisini kabla ya shule kufunguliwa. Bwana Mwenyekiti, naliweka shauri hili mbele ya mkutano lipigiwe kura.