Dawa ya Ng'ombe na Mbwa wa Shambani



Leo nataka tumzungumzie mbwa anayelala nje. Yule anayelinda miraa kule Maua na Laare, anayezunguka shamba la muguka Kiritiri usiku kucha ili wewe ulale. Saa zile anazofanya kazi ndizo saa za mbu, na mbu ndiye anayemletea mbwa mnyoo wa moyo.

Mbu akimnyonya mbwa mgonjwa anameza vijinyoo visivyoonekana kwa macho. Kukiwa na joto, vijinyoo hivyo hukomaa ndani ya mbu kwa wiki mbili hivi, kisha akimuuma mbwa mwingine vinaingia mwilini. Hapo vinasafiri polepole chini ya ngozi na katika misuli, na baada ya miezi miwili au mitatu hufika kwenye moyo na mishipa ya mapafu. Ukifika mwezi wa saba, mnyoo jike anaweza kuwa na urefu wa karibu sentimita 30, na ataishi humo miaka mitano hadi saba. Mbwa anaanza kikohozi kisichoisha. Akimkimbiza mwizi hatua chache anachoka. Anakonda, na ugonjwa ukizidi, tumbo linajaa maji.

Hapa Kenya minyoo ya mbwa inayoenezwa na mbu inajulikana zaidi pwani. Mwaka 1958 wanasayansi Buckley, Nelson na Heisch waliueleza mnyoo mwingine wa jamii hiyo hiyo, wakaupa jina la kisiwa cha Pate kule Lamu. Kwa hiyo ukinunua mbwa mkubwa aliyelelewa Malindi au Mombasa, ukamleta Embu, mpime damu kabla hujampa dawa yoyote ya kinga.

Na sisi wa huku Meru na Embu? Mnyoo wa moyo haukui ndani ya mbu joto likishuka chini ya nyuzi 14. Mwenye mbwa Timau au Kibirichia, ambako usiku baridi inauma, hatari yake ni ndogo kuliko ya jirani yake wa Mbeere. Teremka kuelekea mto Tana ndipo hali inapobadilika. Kuna joto mwaka mzima, na kuna maji yaliyotuama tangu bwawa la Kindaruma lilipokamilika 1968 hadi Kiambere 1988, Kamburu, Gitaru na Masinga yakiwa kati yake. Upande wa Kirinyaga kuna mashamba ya mpunga ya Mwea. Kama mbwa wako analala nje huko chini, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kinga ya mwaka mzima, kwa sababu mbu wa huko hawana likizo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike maoni haya. Mtu anaingia kwenye duka la dawa za mifugo, anasema, "Nipe ile sindano ya minyoo ya ng'ombe, nimdunge mbwa." Anapewa ivamektini. Ni dawa nzuri sana. Ilitokana na kijidudu ambacho Satoshi Ōmura alikipata kwenye udongo wa Japani, na mwaka 2015 yeye na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobeli. Imewaokoa ng'ombe wetu, na imewakinga mamilioni ya Waafrika dhidi ya upofu wa usubi. Tatizo ni kipimo.

Tupige hesabu pamoja. Chupa ya ng'ombe ya asilimia moja ina miligramu 10 katika kila mililita, na maelekezo yake ni mililita moja kwa kilo 50 za ng'ombe. Kumkinga mbwa na mnyoo wa moyo kunahitaji mikrogramu 6 tu kwa kila kilo, mara moja kwa mwezi. Mbwa wa kilo 20 anahitaji mikrogramu 120. Ukitaka kuitoa kwenye chupa ile, ni sehemu 12 za mililita moja iliyogawanywa mara elfu. Chukua sirinji ndogo ya insulini, ile yenye mistari 100 ndani ya mililita moja: dozi yote ya mbwa huyo inapita mstari wa kwanza kidogo tu. Mkono ukitetemeka umeshaizidisha maradufu. Na sirinji inayouzwa dukani pamoja na dawa ya ng'ombe haina hata huo mstari.

Wengi wanavuta mililita moja kwa sababu inaonekana kidogo. Kwa mtoto wa mbwa wa kilo 10, hiyo ni zaidi ya mara 160 ya kinga anayohitaji. Dozi ikimletea mbwa sumu, mboni za macho zinapanuka, mate yanamtoka, anayumba, anatetemeka, wengine wanapofuka kwa muda, wengine wanazimia na kufa. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Daktari anaweza tu kumtunza na kungoja. Mbwa wa jamii ya Collie, na baadhi ya German Shepherd tunaowapenda sana kwa ulinzi, wanaweza kuzaliwa na kasoro inayoiruhusu ivamektini ipenye hadi kwenye ubongo. Mbwa wa namna hiyo anaweza kudhurika kwa dozi ambayo mwenzake anaistahimili. Kwa sura humjui, hasa akiwa chotara.

Hata kipimo kikiwa sahihi, dawa hizi za kinga hazikusudiwi kuua mnyoo mzima. Zinaua vijinyoo vichanga vilivyoingia wiki chache zilizopita, ndiyo maana hutolewa kila mwezi. Na mbwa ambaye damu yake imejaa vijinyoo, ukimpa dawa vikafa vyote kwa mkupuo, mwili wake unaweza kupata mshtuko. Kwa hiyo mbwa mkubwa apimwe damu kwanza. Kipimo cha kawaida kinamtambua mnyoo jike aliyekomaa, na huyo hachukui chini ya miezi mitano au sita kukomaa. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi saba anaweza kuanzishwa kinga bila kipimo hicho.

Wengine wananiambia, mbona mimi humpa mbwa wangu kidonge cha minyoo kila baada ya miezi mitatu? Vizuri, endelea. Lakini vidonge vingi vya minyoo ya tumbo, vile vya pirantel na prazikwanteli, havizuii mnyoo wa moyo hata kidogo. Soma paketi, au mwambie anayekuuzia akusomee.

Kwa mbwa wa shambani anayeokota matumbo na mabaki ya machinjioni, mimi ningeuliza kwanza kidonge cha mwezi chenye milbemisini pamoja na prazikwanteli. Milbemisini inakinga moyo na kuua minyoo kadhaa ya tumbo, na prazikwanteli inaua tegu, yakiwemo yale yanayoweza kumpa mtoto wako uvimbe wenye maji kwenye ini. Selamektini ya kudondoshea shingoni inaua viroboto pia, ila mbwa anayeogeshwa dawa ya kupe kila mara inabidi upange siku zake vizuri. Kwa mtu anayejijua kuwa husahau, ipo sindano ya moksidektini iliyotengenezewa mbwa, inayokaa mwilini miezi mingi. Hiyo mwachie daktari aliyesajiliwa.

Kikwazo kingine ni uzito. Dozi zote hizi zinakwenda kwa kilo, na wengi wetu hatujawahi kumpima mbwa. Mizani ile ya kuning'iniza tunayopimia parachichi inatosha: mtie mtoto wa mbwa kwenye kikapu, mning'inize, kisha utoe uzito wa kikapu. Mkubwa mbebe, upande naye kwenye mizani ya watu, halafu upande peke yako na utoe.

Na kama mfuko unaruhusu jambo moja tu mwaka huu, basi liwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Nasema hivyo bila kusita, kwa sababu mnyoo wa moyo unamuua mbwa, lakini kichaa kinamuua mtoto aliyeumwa. Serikali ilijiwekea mpango wa kukitokomeza kati ya 2014 na 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo yake. Maafisa wa mifugo wa kaunti wakija kuchanja kijijini kwenu, mpeleke mbwa akiwa amefungwa kamba, uwe umeandika uzito wake, umri wake, anakolala na alikotoka. Muulize daktari papo hapo kuhusu kipimo cha damu na kinga ya mwezi. Kama anakohoa, mwambie mapema, kabla hajampa chochote, kwa sababu kikohozi cha mbwa kina vyanzo vingi na mnyoo wa moyo ni kimojawapo tu.