Mtoto Aruhusiwe Kukosea

Msikilizaji, mtoto wa kisiwani Nkombo hulelewa kwa Kihavu. Kinyarwanda nacho anakisikia, na Kiswahili anakiokota kwa wanaovuka Ziwa Kivu kwenda kuuza samaki wa sambaza na ndizi Kamembe na Bukavu. Akiingia darasa la kwanza, anakutana na Kiingereza, ambacho Desemba 2019 Wizara ya Elimu ya Rwanda ilitangaza kuwa lugha ya kufundishia tangu mwanzo wa shule ya msingi. Mtoto mwenye safari hiyo ya lugha hana budi kukosea. Tatizo ni pale anapoona kukosea ni aibu.

Mtoto huyo utamjua. Jibu analo, lakini mkono hauinui mpaka awe na hakika ya kila neno. Anaandika, anafuta, anaandika tena hadi karatasi inatoboka. Akipata 9 kwa 10, analia. Sisi wakubwa tunamsifu kwamba ana bidii, kumbe anaishi kwa hofu.

Mara nyingi hofu hiyo tunaipanda wenyewe. Analeta alama 90, tunamuuliza 10 ameziacha wapi. Akitamka vibaya, tunacheka. Akishika nafasi ya pili, tunamtajia mtoto wa jirani aliyeshika ya kwanza.

Hata sifa inaweza kudhuru. Mwaka 1998, watafiti wa Marekani Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu na kushindwa, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Anayeambiwa ana akili huogopa kosa litakalomvua sifa hiyo.

Huku ziwani tunajua kufundisha vizuri zaidi. Mtoto anayejifunza kupiga kasia, mtumbwi ukienda upande, hatukanwi. Anaonyeshwa namna ya kushika kasia, anarudia, na siku moja anafika. Uvumilivu huo huo anauhitaji mbele ya daftari.

Simaanishi tulegeze kamba. Mtihani wa taifa wa darasa la sita unamngoja, na kosa lazima lisahihishwe. Lakini lisahihishwe bila kejeli, na mtoto apewe nafasi ya kujaribu tena. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Mzazi mwenzangu, jioni ya leo usianze na alama. Muulize mwanao alijaribu jambo gani gumu, na lilipomshinda alifanya nini. Akikueleza kosa lake, msikilize mpaka amalize, kisha mlitazame pamoja. Nawe mwalimu, darasani kwako asichekwe mtoto aliyethubutu kusema. Mtoto asiyeogopa kukosea ndiye atakayejifunza.