Sumu Inayotoka Kooni

Leo tunazungumzia koo la mtoto.

Bakteria aitwaye streptokokasi hukaa kooni, na mara nyingi huleta mafindofindo tu. Lakini wapo streptokokasi wanaotengeneza sumu. Cha ajabu, ufundi huo si wao wa asili: wameupata kwa virusi wanaoshambulia bakteria, waliowaachia jeni ya sumu. Sumu hiyo ikiingia kwenye damu, huamsha chembe nyingi za kinga kwa mpigo, kana kwamba mbiu ya mgambo imelizwa kijiji kizima kwa ajili ya mwizi mmoja. Homa inapanda, ulimi unakuwa mwekundu wenye vidutu, vipele vidogo vinaenea mwilini. Hiyo ndiyo homa ya skalatina.

Mama, baba, kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi. Usitegemee macho, pitisha kiganja kifuani na tumboni mwa mtoto. Ukihisi ngozi inakwaruza kama msasa, na koo linamuuma, mpeleke kituo cha afya.

Mwaka 1923 huko Chicago, mume na mke, George na Gladys Dick, walionyesha kuwa ugonjwa huu unatokana na streptokokasi. Wakati huo hapakuwa na penisilini ya kuutibu. Leo ipo, na inaniuma mzazi anapoikatisha siku ya tatu kwa sababu tu homa imeshuka. Bakteria wakibaki, kinga ya mwili yenyewe inaweza baadaye kugeuka na kuumiza vali za moyo wa mtoto. Vidonge kwa kawaida humezwa siku 10.