MANENO YA MJENGO NA HAKI YA MFANYA KAZI

(Hotuba mbele ya wanachama wa kazi za ujenzi, Mlolongo)



Leo twataka kusema habari ya maneno tunayoyatumia kazini. Pengine mtu atauliza: mshahara hautoshi, na chama chazungumza lugha? Jibu letu ni hili. Katika mjengo neno likikosewa ukuta huanguka, na neno lisiloeleweka hula mshahara wa mtu.

Sisi wa Mlolongo tumetoka kila upande. Hata jina la mji huu, watu husema, lilitokana na mlolongo wa malori yaliyokuwa yakingoja mizani kando ya barabara ya Mombasa. Viwanda vya simiti vya Athi River vi jirani zetu, na ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 yaanzia hapa, kilomita 27 mpaka Westlands. Kwenye jukwaa moja utamkuta Mkamba, Mluo, Mkikuyu na Mluhya, kila mmoja na lugha ya mama yake. Kinachotuunganisha ni lugha ya mjengo.

Lugha hiyo ni mali yetu. Karai ni neno la Kihindi. Foromani ni Kiingereza. Nyapara ni neno la misafara, mkubwa wa wapagazi kabla reli haijafika. Wazee wetu walilichukua neno popote walipolikuta, wakalitia kazini. Anayetucheka kuwa twasema Kiswahili kibovu, na aje apandishe karai mpaka ghorofa ya nne.

Lakini yako maneno matatu ambayo lazima tuyaangalie sana.

La kwanza ni RESHO. Foromani akisema "moja, mbili, nne", maana yake ni simiti kipimo 1, mchanga vipimo 2, kokoto vipimo 4, na kipimo kiwe kile kile. Mfuko wa kilo 50 hujaza kama lita 35. Wilibaro moja huchukua lita 60 au zaidi. Basi ukitia mfuko 1, wilibaro 2 za mchanga na wilibaro 4 za kokoto, mdomo umesema moja, mbili, nne, lakini zege imekuwa dhaifu kupita moja, tatu, sita. Zege hiyo haifai kwa nguzo wala kwa slabu. Na siku ya kuondoa mbao, ni nani atakayesimama chini ya slabu? Ni sisi. Kwa hiyo kila ukitajiwa resho, uliza: "Kwa kipimo gani?" Tudai sanduku la mbao la kupimia, lililo sawa na mfuko mmoja.

La pili ni NGUMU. Twaambiwa, "Chimba mpaka ngumu." Nyote mwaujua udongo mweusi wa uwanda wetu huu. Mvua ikinyesha hufura, jua likiwaka hupasuka. Wakati wa kiangazi udongo huo huo hurudisha sururu kama jiwe, na mtu aweza kudhani amefika. Hajafika. Ngumu ni kile kilicho chini ya udongo mweusi, si udongo mweusi uliokauka. Na shimo likiwa refu kuliko mtu, bila mbao za kuzuia kingo, hapo foromani husema, "Ingia tu, itashika." Ndugu zangu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, wala asilazimishwe kurudi mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Neno "itashika" halimo katika sheria hiyo.

La tatu, na ndilo kubwa, ni KIBARUA. Neno hili ni barua ndogo. Zamani huko pwani mtu wa kazi ya kutwa alipewa cheti, na kwa cheti hicho alilipwa ujira wake. Karatasi ilikuwa mkononi mwa mfanya kazi. Baadaye, katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ikawavika wanaume kipande shingoni, nayo ilikuwa karatasi ya kumlinda tajiri. Leo kibarua hana cheti wala kipande. Huambiwa, "Wewe ni kibarua tu," na hilo "tu" ndilo linalomnyima likizo na notisi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, haikubali hilo "tu". Kibarua akifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi 1, au akifanya kazi isiyotazamiwa kwisha kabla ya miezi 3, basi ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi. Kumwondoa kwataka notisi ya maandishi ya siku 28. Akiendelea miezi 2 au zaidi, apate haki kama wengine wote. Sasa fikirini: ni jengo gani la ghorofa linalokwisha kwa miezi miwili?

Lakini ushahidi u wapi? Foromani ana kitabu chake, sisi tuna kumbukumbu za kichwani. Basi, ndugu, tukirudishe kile kibarua cha kwanza. Kila mwanachama anunue daftari dogo, na kila jioni aandike tarehe, mahali, jina la msimamizi na fedha alizolipwa. Asiyejua kuandika, mwenzake amwandikie. Na kila mgeni anayefundishwa timazi na pima maji, afundishwe na maneno haya matatu.

Mwenye kujua maana ya neno hadanganywi kwa neno. Umoja ni nguvu.