Kabla ya bendera, kifungua kinywa

Makamanda wa Nangara, Imbaseni si mbali, ni pale Arumeru tu. Ndiko walikohamia Pete na Charlotte O'Neal, Black Panther wa Kansas City. Pete alihukumiwa kwa kesi ya bunduki mwaka 1970, wakakimbia Marekani, wakaingia Tanzania 1972.

Wengi wanawakumbuka kwa makoti meusi na bunduki (zinapendeza kwenye picha, nakubali). Kilichonigusa katika kumbukumbu zao ni kifungua kinywa: kabla ya shule, wanachama waliwapikia watoto wa mtaa, bure.

Sasa jamani, tawi likimaliza mkutano linakunja bendera. Nani hapa anajua ni watoto wangapi wa Nangara wanaenda shule na njaa? Jumatatu tupite nyumba kwa nyumba. Mje na daftari.