Tangazo la Gari Linauza Nini?

Ninyi mlio katika vikundi, mmoja wenu ashike kalamu na karatasi, maana leo tutafanya hesabu.

Mfikirieni kijana mmoja wa Mgololo, wilayani Mufindi. Kazi yake ni kibarua cha kupakia magogo, na ana akiba kidogo. Dukani ameona picha ya pikipiki mpya. Aliyeipanda amevaa koti zuri, anacheka, na barabara ni ya lami tupu. Kijana wetu anasema moyoni, “Nikiipata hiyo, nami nitakuwa mtu.” Je, ametamani pikipiki, au ametamani kuwa mtu?

Hapo ndipo ilipo kazi ya tangazo. Muuzaji anajua kwamba chuma na mpira havimvuti mtu sana. Kinachomvuta ni heshima, nguvu, na uhuru wa kwenda atakako. Basi huvipaka vitu hivyo juu ya chuma, kama rangi.

Tazameni mifano miwili. Wa kwanza ni nguvu. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland wa Tanzania, pamoja na mwenzake Chris Rothwell, walishinda kwa Peugeot 404. Ushindi wa namna hiyo ulikuwa tangazo kubwa: gari lililoshinda tope lile litashinda na la kwenu. Kuna ukweli ndani yake. Lakini dereva hodari na mafundi wake hawauzwi pamoja na gari.

Mfano wa pili ni heshima. Baada ya uhuru watu wetu walibuni jina “Wabenzi”, yaani wakubwa wanaopanda Mercedes-Benz. Gari likawa jina la tabaka la watu. Aliyelitaka hakutaka kufika upesi tu; alitaka aonekane amefika.

Hatusemi kila tangazo ni uongo. Tangazo hutujulisha kilichopo sokoni, na pikipiki humfikisha mgonjwa hospitali. Tunasema kwamba tangazo huchagua la kusema. Halionyeshi tope la masika, wala bei ya tairi, petroli, bima na leseni.

Sasa hesabu. Tuseme pikipiki ni shilingi 2,800,000 taslimu. Kijana wetu hana, kwa hiyo anaichukua kwa mkataba: shilingi 10,000 kila siku, siku 6 kwa juma, majuma 52. Jumla ni shilingi 3,120,000. Amelipa 320,000 zaidi, na petroli bado. Tena akiugua majuma mawili, deni haliugui. Huenda bado inamfaa, iwapo abiria wapo. Lakini na aamue kwa karatasi hii, si kwa picha ile.

Maswali ya kikundi ni haya. Kwanza: picha inanionyesha nani, nami nataka kuwa nani? Pili: njia yangu ni ya lami au ya tope? Tatu: fundi na vipuri viko wapi? Nne: nikikosa kazi mwezi mmoja, nani atalipa?

Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ufungueni kwanza, ndipo mnunue. Kwa herini, mpaka juma lijalo.