Friji Mbovu Ikaushe Mananasi

Ndugu zetu, hapa Kiwangwa mananasi tunayo tele. Yakiiva kwa pamoja bei inashuka, mengine yanatuozea. Basi tuyakaushe.

Friji mbovu ni sanduku zuri la kukaushia. Lakini jamani, tuwe waangalifu! Kwanza fundi wa friji aitoe gesi. Halafu tung'oe mlango siku hiyo hiyo. Mtoto akijifungia ndani atakosa hewa, atakufa.

Tuilaze friji juani, upande mmoja tuuinue kidogo. Tutoboe matundu pande zote mbili, hewa ipite. Tuyazibe kwa wavu, nzi wasiingie. Juu tufunike kioo.

Nanasi tulimenye, tulikate vipande vyembamba. Tuvipange juu ya kichanja cha mbao na wavu safi. Vile vichanja vya waya vya friji tusivitumie. Vingine vya zamani vimepakwa madini yenye sumu, na ukali wa nanasi unayatoa. Chandarua chenye dawa nacho hakifai.

Kipande kikikunjika bila kutoa maji, kimekauka. Tuvitie katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Tuanze na mananasi mawili tu. Tukifaulu, tutaongeza.